Tangazo la Attracta Ndani ya Miiba

Bahasha ya kaunti ilikuwa nene, na Attracta Gilhooly alijua habari yake kabla ya kuifungua. Wakikubali hutuma karatasi nyepesi. Wakikataa kupokea hurudisha kila kitu: ramani, michoro, picha za shamba, vipimo vya udongo, mpaka ile barua ya paroko ya kuthibitisha kwamba amezaliwa hapahapa na kubatizwa hapahapa. Aliiweka mezani kando ya mkate wa magadi, akavua koti lililolowa, akaketi na buti zake miguuni.

"Haya, wifi, wanasemaje?" Concepta aliuliza akiwa jikoni. Concepta ni mke wa Malachy, kaka yake Attracta, na siku hizi jiko lile ni lake.

"Wamerudisha."

"Tena? Sasa hawa watu wanataka nini, damu?"

Uchovu wa Attracta haukuwa wa siku ile tu.

Huku kijijini Drumkeelan nyumba ya wazazi humwendea mtoto wa kiume, hata kama huyo wa kiume ameishi mjini maisha yake yote na binti ndiye aliyebaki kumgeuza mama kitandani. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mama alipozikwa, Malachy na Concepta wakahamia, na Attracta akasogezwa chumba cha nyuma, kile kilichokuwa cha viazi. Baba yao alikuwa amemwachia kipande cha shamba kando ya barabara, na juu ya kipande hicho alitaka kijumba: chumba cha kulala, jiko, bafu, na kibaraza cha kuvulia buti. Hakutaka zaidi ya hapo. Lakini alikihitaji upesi, maana binti wa Concepta alikuwa anarudi Krismasi na mapacha, na watu wa nyumbani walikwisha kuanza kubishana rangi ya kupaka chumba cha nyuma. Kibali kisipotoka, Attracta angehamia kwenye vyumba vya serikali mjini, ghorofani, mahali ambapo hata pa kupanda kitunguu hapana.

Kupata kibali huku ni kazi ya mtu mwenye roho ya paka. Mara ya kwanza kaunti ilisema ardhi hainywi maji. Walichimba shimo, wakalijaza maji, wakaja kutazama kesho yake, na maji yalikuwa yametulia mlemle kama supu kwenye bakuli. Basi hapana mahali pa maji taka, basi hapana nyumba. Akakopa, akaleta mchanga na kokoto malori kwa malori. Mara ya pili wakasema lango liko kwenye kona, mwenye kutoka na gari hataona anayekuja. Attracta hana gari, ana baiskeli, lakini lango likahamishwa. Hii ilikuwa mara ya tatu, na mara hii Fintan, mchoraji wake wa ramani, alikuwa amemwapia kwamba hakuna tundu lililobaki la kumnasia.

Alimpigia simu.

"Wameandika ombi ni batili," alimwambia. "Fintan, batili ndiyo nini tena? Hawakusema udongo, hawakusema lango."

"Hebu nisomee."

Akamsomea. Fintan akashusha pumzi.

"Attracta, lile tangazo uliliweka wapi?"

Hapo ndipo Attracta alipoelewa. Sheria inataka mwenye kuomba abandike tangazo kando ya barabara, kila apitaye alisome, na mwenye kinyongo apeleke pingamizi. Mara mbili zilizopita Fintan alilipigilia mwenyewe langoni. Mara hii Attracta alisema asisumbuke, ataliweka yeye.

"Niliweka kwenye ua wa miiba."

"Mbele ya ua au katikati ya miiba?"

"Linaonekana," alisema Attracta, kisha akaongeza polepole, "ukiinama."

"Ukiinama! Mkaguzi amepita pale na gari, amerudi, amepita tena, nasikia mwishowe alibaki kutazamana na ng'ombe. Michoro yangu hawakuifungua hata. Kwa nini, dada yangu? Niambie tu, kwa nini?"

"Watu wangesema najiona."

"Nyumba ya chumba kimoja!"

"Wangesema, Fintan. Unawajua."

Fintan aliwajua, kwa sababu na yeye ni wa hukuhuku. Ukimsifu mtu wa Drumkeelan kwa koti lake jipya atakuapia amelipata bure kwenye mnada wa kanisa. Ukimkaribisha chai atakataa, utamkaribisha tena atakataa, na usipomkaribisha mara ya tatu ataondoka na kiu na kinyongo. Kutaka kitu hadharani ni aibu. Na tangazo lile lilianza kwa herufi nene, nyeusi: MIMI, ATTRACTA GILHOOLY, NAKUSUDIA. Katika umri wake wote hakuwahi kukusudia kitu barabarani. Alipojiona amesimama nalo pale, na gari la watu wa misa likija, mikono yenyewe ililisukuma ndani ya miiba.

Tena kulikuwa na Bartley. Bartley Mulrennan, jirani wa upande wa pili wa barabara, kapera, sikio moja halifanyi kazi, ndiye aliyekuwa akilisha ng'ombe wake kwenye kipande kile tangu enzi za baba yake Attracta. Nyumba ikisimama, ng'ombe watatoka. Angeweza kupeleka pingamizi kwa ada ndogo tu na kumaliza kila kitu. Kila Jumapili baada ya misa walisimama ukutani mwa kanisa wakazungumza mvua, na hakuna aliyegusa neno la shamba. Attracta aliomba tu asilione lile tangazo.

"Sasa sikiliza," Fintan alisema. "Tunaanza upya. Ada upya, tangazo la gazetini upya, kila kitu upya. Na safari hii lipigilie langoni, likodolee barabara macho. La sivyo tafuta mchoraji mwingine."

Akalipigilia langoni. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, nyundo iliteleza mara kwa mara, na kabla hajamaliza msumari wa mwisho akasikia trekta. Bartley. Hakukuwa na pa kujificha.

Trekta lilisimama, likaachwa linanguruma. Bartley akashuka, akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Kisha akaanza kusoma kwa sauti, na sauti ya mtu mwenye sikio moja si ndogo.

"MIMI, ATTRACTA GILHOOLY, NAKUSUDIA KUOMBA KIBALI CHA..."

"Bartley, kwa jina la Mungu, punguza sauti."

"Nani atasikia? Kondoo?"

Akasoma mpaka mwisho, mpaka anwani ya ofisi za kaunti. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati lililolowa, ikazidi uchafu.

"Kwa hiyo unajenga," alisema.

Jibu analijua kila mtu huku. Unasema, ah, si kitu, ni mawazo tu, watakataa hata hivyo, na ng'ombe wako wakae tu. Attracta alikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini alikuwa amechoka. Hata kujifanya hutaki kitu kunataka nguvu, na zake zilikuwa zimekwisha kwenye malori ya kokoto.

"Nataka nyumba, Bartley," alisema. "Nataka kulala mahali ambapo hakuna mtu atakayeniambia nisogee. Ng'ombe wako itabidi watoke. Ukitaka kupinga, pinga, sheria inakuruhusu. Lakini nataka nyumba yangu."

Bartley alimtazama kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Nipinge nini?" alisema. "Kokoto zimepita mlangoni kwangu mwaka mzima, ulidhani nilifikiri ni za kutengenezea keki? Mimi nilikuwa nangoja uniambie. Nasikia habari kwenye baa. Nikasema, hivi huyu mwanamke ananionaje? Anajenga puani pangu, na Jumapili ananiambia mvua ni nyingi."

"Ilikuwa nyingi."

"Ilikuwa nyingi, sikatai." Akapanda trekta. "Ng'ombe nitawatoa Jumamosi. Na huo msumari wako umepinda."

Mkaguzi alikuja wiki moja baadaye, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa matope. Attracta alimwona kutoka dirishani, akatoka mbio na aproni yake, maana aliogopa asije akapotea tena. Alipofika langoni akasimama kumsubiri, mikono imekunjwa. Kijana akatoa kamera ya kupigia picha ya ushahidi, akaiinua, akaishusha.

"Mama, samahani, sogea kidogo. Umelifunika jina lako."

Attracta akageuka. Kweli, mgongo wake ulikuwa umeegemea tangazo, na hakujua ulifikaje pale. Akasogea. Kijana akapiga picha.

Barua ilikuja maua ya miiba yalipokwisha pukutika. Bahasha ilikuwa nyembamba. Attracta aliifungulia palepale kizingitini pa nyumba ya mama yake, akaisoma, akaisoma tena, kisha akaketi juu ya jiwe la mlango na kulia kama mtoto. Concepta alitoka na unga mikononi.

"Wamekataa? Washenzi hawa! Ngoja Malachy aje, atakwenda kwa diwani leo leo."

"Wamekubali."

"Wamekubali?" Concepta alimkodolea macho. "Sasa kilio cha nini, wifi? Roho ilitaka kunitoka!"

"Niache nilie, Concepta. Nimechoka. Sijawahi kuomba kitu nikapewa."

"Kwani uliwahi kuomba nini?" Concepta aliuliza akicheka.

Attracta alijipangusa macho kwa aproni, akafikiri. Alirudi nyuma mpaka kwa mama, mpaka kwa baba, mpaka shuleni na foleni ya maziwa, ambako siku zote alisema ameshiba. Alitafuta kwa muda mrefu, na Concepta, aliyekuwa bado anacheka, akaacha kucheka. Akaketi naye juu ya lile jiwe, unga na yote.

"Sikumbuki," alisema Attracta.