Nguo ya Wimbo wa Kuagana

Kila ikitoka sinema mpya ya Kihindi, fundi cherehani hufunga kazi mapema akaitazame, kisha huja kuketi kitandani kwa mama yake, ambaye haoni tena. Kisa chenyewe mama hakitaki, visa vyote anavijua. Anataka nyimbo. Simu inaimba juu ya mto, na fundi anatia picha: hapa binti anashuka ngazi, hapa anageuka, sketi inafunguka kama mwavuli. Vidole vyake, vilivyosuguliwa na mkasi, vinapima hewani upana wa pindo na wingi wa marinda. Mama havioni vidole hivyo, lakini fundi hajui kueleza nguo bila kuipima.

Leo, wimbo wa kuagana ulipoanza, vidole vilitulia mapajani.

"Hapa kavaa nini?"

"Nyeupe, mama."

"Nyeupe ya kitambaa gani?"

"Labda hariri."

"Labda? Hujawahi kuniambia labda kwenye nguo." Mama akapapasa mpaka akaupata uso wake, akamgusa chini ya jicho. "Ulikuwa unalia, hukuona kitu."

"Ukumbi mzima ulikuwa unalia."

"Hao walikwenda na macho yao. Wewe ulikwenda na yangu."

Fundi akainuka. Akaangalia saa, akachukua mkoba. Onyesho la jioni lilikuwa bado halijaanza.

"Jikaze," mama akamwambia. "Utakuja kulia hapa."

Fundi akatoa leso mkobani, akaiweka juu ya mto, akatoka.