Mwanamke wa Kwenye Mabango

Mume wangu anachora mabango ya saluni. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kuniambia nimependeza. Nikivaa gauni jipya, ananiuliza chai iko wapi. Nilishazoea, ila donge rohoni lilikuwepo.

Juzi nilikwenda kusukwa kwenye saluni ambayo hawanijui. Msusi alinitazama, akatazama bango la mlangoni, akacheka. "Mama, huyu si wewe?"

Nikasogea. Nyusi moja imepanda kuliko nyingine, mwanya, kidoti chini ya jicho. Wakati wa kurudi nikapita makusudi kwenye saluni tatu nyingine. Kote ni mimi, misuko tu ndiyo tofauti.

Nilimkuta mume wangu uani anaosha brashi. Nikamuuliza kwa ukali nani kamruhusu kunitundika mji mzima.

Akaniangalia usoni muda mrefu, kama fundi anayekagua kazi yake.

"Wananiambia nichore mwanamke mzuri," akasema taratibu. "Basi mkono unakwenda wenyewe. Wala sikujua kuwa ni wewe."

Nikaingia ndani kumchemshia chai, lakini nilianzia kwenye kioo.