Mkanda wa Tano

Baba Mkubwa, mume wa dada yake mama yangu, aliendesha mashine ya sinema kwa miaka mingi, na mji mzima ulimjua kwa jina moja tu: Mashine. Filamu ikikatika, ukumbi mzima uligeuza shingo kutazama kile kitundu cha ukutani, miluzi ikapigwa: "Mashine! Umelala?" Angelala wapi, maskini? Chumba chenyewe kilikuwa na joto la kukaanga yai. Alifanya kazi na fulana ya ndani, taulo shingoni, mkasi na gundi ya kuungia mikanda karibu na mkono.

Katika filamu zote alizozionyesha, nyumbani kwetu iliyobaki ni moja, *Zamu ya Asubuhi*. Haikuwa na ngumi hata moja. Ilihusu mwanamke wa kiwanda cha nguo na mumewe, fundi wa magari aliyeachishwa kazi akaenda kutafuta riziki mbali. Watu walikaa wakimsubiri stelingi arushe teke, stelingi akawa anapiga pasi. Ilikaa wiki moja ikaondoka, na magazeti hayakuiandikia hata mstari. Leo ndiyo wasomi wanatuambia hakuna filamu iliyoishika miaka ile vizuri kama hiyo. Walikuwa wapi?

Mimi miaka ile niliikuta mkiani, nikiwa mtoto. King'ora cha kiwanda kilikuwa ndiyo saa ya mtaa mzima. Suruali za bugaluu zilifagia vumbi, redio moja ilisikilizwa na nyumba nne, na watu wazima waliamini kabisa kwamba mwakani mambo yatakaa sawa. Imani hiyo naikumbuka kuliko hata sura zao. Naikosa mpaka leo, sioni haya kusema.

Filamu yenyewe sikuiona. Niliisikia kwa Mama Mkubwa, ambaye alikuwa akitusimulia huku anakunja nguo. Mume anaondoka. Mke anabaki, kila jioni anaweka chakula cha mumewe mezani na kukifunika kwa sahani. Barua zinapungua, kisha zinakatika kabisa. Halafu Jumapili moja mlango unagongwa. "Nani?" "Ni mimi." Wanacheka, wanapaka chumba rangi ya buluu, basi, imekwisha. Hapo Mama Mkubwa aliachia nguo na kujifuta macho.

"Lakini ulisema ukuta ulikuwa wa buluu tangu yuko peke yake," nilimwambia siku moja.

"Rangi ilikuwa imechakaa! Wewe hujawahi kuona ukuta unapakwa mara ya pili?"



Mwezi uliopita Baba Mkubwa alikuja kazini kwangu, kwenye kibanda changu cha fotokopi, ameshika tangazo. *Zamu ya Asubuhi*, imesafishwa upya, ukumbi wa maktaba, Jumamosi saa tisa alasiri.

"Mama Mkubwa atafurahi kweli," nikasema.

"Ndiyo hapo penye kazi." Alimtupia jicho mteja aliyekaa kwenye benchi. "Hebu washa mashine yako kwanza."

Nikaiwasha, ikanguruma, naye akainama sikioni kwangu. Zamani filamu zilisafiri kwa basi, zimefungwa kwenye makopo, kila mkanda na kopo lake. Siku ya kwanza ya filamu hii makopo yalichelewa, ukumbi umejaa, miluzi imeanza. Akapakia mikanda kwa kufuata namba za makopo, bila kusoma namba kwenye mikanda yenyewe. Kumbe kwenye mji uliotangulia walikuwa wameuweka mkanda wa nne kwenye kopo la tano, na wa tano kwenye kopo la nne. Na neno "Mwisho" lilikuwa limeshakatikia hukohuko njiani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

"Kwenye filamu ya kweli, ile Jumapili inatangulia," alisema. "Anakuja kutembea, wanapaka rangi, anaondoka tena. Harudi."

"Harudi kabisa?"

"Kabisa. Niligundua wakati narudisha mikanda nyuma. Nikashuka nimwambie meneja. Kwenye ngazi nikakutana na msichana kavaa viatu vya raizoni, vile vya soli nene, macho mekundu. 'Kaka, kesho mnaionyesha tena? Nataka nimlete mdogo wangu aone yule mume anavyorudi.' Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mdogo mwenyewe ndiye mama yangu. Baba Mkubwa aliionyesha filamu kinyume wiki nzima, kwa makusudi, na msichana akaja mara tatu. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameoana.

"Sasa hilo nalo ni kosa la kukunyima usingizi?" nikamcheka.

Yeye hakucheka. "Sinema ilipofungwa nilikwenda mbali miezi kumi na moja. Mitano ya mwisho sikuandika hata barua, nilikuwa naona aibu. Kaka zake walikuja kumchukua, akakataa. Unajua niliporudi aliniambia nini? 'Nilijua utarudi. Niliona.' Alinisubiri kwa sababu ya mkanda nilioubadilisha mimi. Jumamosi atajua nilimdanganya."

Nilimshauri amwambie mapema. Alikunja tangazo akaondoka, na hakumwambia.

Jumamosi Mama Mkubwa alikaa mstari wa mbele, katikati yetu. King'ora kilipolia kwenye filamu, alinishika goti. Ilikuwa ndiyo yenyewe, zile suruali, zile nywele, yale maneno ya mwakani. Nililia bila kujificha. Kisha ikaja Jumapili na rangi ya buluu.

"Mbona wameitanguliza hii?" alininong'oneza.

Ikaja barua ya mwisho. Mwanamke akafunika chakula, akazima taa, asubuhi akaingia zamu. *Mwisho*. Watu wakapiga makofi, naye Mama Mkubwa akasimama.

"Samahani, mwanangu," alimwambia mkutubi. "Mmeikosea. Mmepanga vibaya."

"Hapana, mama. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Akatabasamu kwa upole wa mtu mwenye uhakika. "Huyu mume wangu ndiye aliyekuwa akiiendesha hapa mjini. Mzee, hebu waambie."

Angeweza kusema amesahau. Umri ulimruhusu. Baba Mkubwa alisimama, akavua kofia.

"Wameipanga sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea. Siku ya kwanza kwa bahati mbaya. Siku zilizobaki, kusudi. Ulisema unamleta mdogo wako."

Mama Mkubwa alikaa taratibu. Nilisubiri amchambe mbele ya watu, na alikuwa na haki hiyo.

"Kwa hiyo hakurudi," alisema.

"Hakurudi."

"Na kile chakula?"

"Alikuwa anakifunika tu."

Akatazama lile pazia jeupe. "Miaka yote hii namfurahia yule mwanamke. Kumbe mwenzangu alibaki anasubiri." Akaanza kulia kwa sauti, mikono mapajani, bila hata kujifuta.

Baba Mkubwa alisimama tu na kofia yake, hajui amguse au asogee mbali. Mwishowe Mama Mkubwa ndiye aliyemvuta mkono wa shati.

"Kaa," alimwambia. "Usiende popote mpaka nimalize kulia."