Mume Anajibu

Tangu asubuhi ile mumewe alipobeba mfuko wake wa zana akaenda kazini asirudi, Mama Pasi hakuwa mke wala mjane. Jina hilo alipachikwa na wenzake kwa dobi, maana mtoto hakujaaliwa, lakini pasi ilimtii kama mwanawe wa kumzaa. Alimtafuta mumewe kila mahali: kwenye jengo alikokuwa akitengeneza lifti, vituo vya polisi, hospitali, hata chumba cha maiti, alikofunuliwa nyuso za watu asiowajua mpaka akaanza kuziota. Hakupata kitu. Mtu mzima na kilo zake, aliyekuwa akikoroma mpaka majirani wanagonga ukuta, aliyeyuka hivihivi mchana kweupe.

Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, na huyo ndiye aliyeifanya nyumba isikalike. Si kwa ugomvi, walipendana sana. Shida ni kwamba bibi yule hakukubali hata siku moja kumsema mwanawe kama mtu aliyepita. "Mwanangu hapendi chumvi nyingi," angesema akionja mchuzi. "Usiweke kiti hapo, mwanangu huegemea hapo." Ndugu walipokuja na shauri la kukaa msiba, aliwatoa mbio. "Mnamlilia nani? Nani kaona maiti?" Basi yule asiyekuwepo akaendelea kuishi nao, hali, hanywi, na kila mguu uliosikika ngazini ulimfanya Mama Pasi aache alichokishika.

Ndipo akaandika mchezo wa kuigiza. Msimcheke, wengine kwa mambo kama hayo hushika chupa. Aliuandika mezani jikoni, akifuta kuliko alivyoandika. Mwanamke yuko chumbani anapiga pasi, mlango unafunguliwa, mume aliyepotea anaingia. Mke anauliza: "Ulikuwa wapi?" Chini yake akaandika: Mume anajibu. Hapo akakwama. Kikundi cha maigizo cha mtaani kwao kilikubali kuucheza, kila mtu akidhani jibu analo ila amelificha kwa ufundi wa waandishi. Hakuwa nalo. Alichotaka ni kuwasikia wanaume wakijibu, mmoja baada ya mwingine, achague jibu ambalo ataweza kulala nalo.

Mwenye duka la dobi aliwaachia ghala la juu Jumapili alasiri. Ndiko kunakotundikwa nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, makoti hasa, kila moja na kikaratasi chake cha namba kifuani. Ukiingia humo peke yako unajiona kama umekatiza mazungumzo ya watu. Siku za kazi Mama Pasi alipita katikati yake bila wasiwasi. Siku hiyo alitafuta kiti kinachoyapa mgongo.

Rafiki yake, mshona vifungo, ndiye aliyesimamia zoezi. Anayetaka kuwa mume achague koti, atoke nje, afunge mlango, kisha aingie na ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Mama mkwe alikuja pia, bila kualikwa. "Nikae nyumbani peke yangu nihesabu nzi?" alisema, akajiketisha juu ya kapu la nguo lililopinduliwa.

Wa kwanza alikuwa kinyozi, mtu wa mbwembwe. Aliingia kwa kishindo.

"Ulikuwa wapi?" Mama Pasi akamuuliza.

"Jela, mke wangu! Nilisingiziwa!" Akapiga magoti, na koti likapasuka kwapani. Mshona vifungo alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Pasi hakucheka, kwa sababu tayari alikuwa amemwona mumewe ameketi kwenye sakafu ya saruji, akingoja mtu ambaye hakuwahi kufika.

Akafuata mwalimu wa hesabu, aliyesema alipigwa kichwani akapoteza kumbukumbu, akalieleza jambo lenyewe hatua kwa hatua kama yuko ubaoni. Na huyo naye Mama Pasi akamwona: mtu anapita barabarani, anapishana na mkewe, hamjui. Aliomba maji ya kunywa. 

Wa tatu alikuwa dereva wa lori. Kabla hajaingia zilisikika hatua zake kwenye mbao za nje, nzito, ya kushoto ikiburuta kidogo, kama za mumewe hasa.  Mlango ulipofunguliwa, swali lilimtoka kwa shida.

Dereva alitazama viatu vyake. "Nina mke mwingine," alisema taratibu. "Nina watoto. Kila siku nilisema kesho nitarudi. Baadaye nikaona aibu."

 Mshona vifungo akamwinamia rafiki yake. "Shoga, tumempata. Huyu tusimwache."

Lilikuwa jibu zuri, na Mama Pasi aliliamini, ndiyo maana likamtisha. Alimwona mumewe mzima, amenenepa kidogo, anavua viatu kwenye nyumba nyingine. Akimpa dereva nafasi hiyo, jibu litakuwa hilo, si jukwaani tu. Atarudi nalo nyumbani na kuzeeka nalo. Hata hivyo alikuwa amechoka, akafungua mdomo kumwambia dereva kwamba kazi ni yake.

"Mwongo," mama mkwe alisema.

"Bibi, huu ni mchezo tu," dereva alimjibu kwa heshima.

"Najua ni mchezo, mimi si mtoto. Nipishe nipite." Aliinuka kwa kujikongoja, akavuta koti la karibu, akaanza kulivaa.

"Mama, hiyo ni nafasi ya mwanamume," Mama Pasi alisema.

"Mimi ndiye niliyemzaa. Wewe sema maneno yako."

Akatoka, mlango ukafungwa. Wakangoja. Hakukusikika mguu wala pumzi, na ukimya ulizidi mpaka kinyozi akataka kwenda kuchungulia, mshona vifungo akamshika shati. Kisha mlango ukafunguka. Koti lilikuwa limemmeza bibi wa watu, hata vidole havikuonekana. Lakini aliegemea mwimo wa mlango kwa bega la kulia, kichwa kimeinama upande, na Mama Pasi akasisimkwa mwili mzima. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisimama mumewe. Hakuna mtu aliyefundishwa hilo.

"Ulikuwa wapi?"

"Nimekufa," mama mkwe alisema. Sauti haikuwa ya kuigiza, ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa. "Sikwenda popote. Nilikufa siku ileile, jua halijazama. Wewe unaniwekea chakula, mimi nimeshakufa. Walioniona hawakunijua, hawakujua wamwambie nani." Akameza mate. "Sikukuacha. Ningekuwa hai ningerudi. Unanijua. Mama pia ananijua."

Alipolitaja neno mama, mdomo ulianza kumtetemeka.

Bibi hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya kinyozi au dereva. Alichokuwa nacho ni mwanawe, aliyemshikilia hai miaka yote kwa ubishi mtupu, na sasa alikuwa amemwachilia mbele ya watu, kwa ajili ya mkwewe. Mama Pasi alilielewa hilo, na lilimuuma kuliko alivyowahi kuumwa.

Mshona vifungo alipekua karatasi. "Hapa mke anasema nini?" alinong'ona. "Sioni kitu."

Hakukuandikwa kitu. Mama Pasi alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akalivua lile koti taratibu kutoka mabegani mwa mama mkwe wake, kama mtu anavyopokewa anapofika.

"Pole na safari, mume wangu," alisema.

"Nimeshapoa," mama mkwe akajibu, na wote wawili wakaanza kulia kwa sauti.