Waliokuwa Wakiita Kutoka Duarani

Jirani akifungua dumu la gongo, harufu yake hunirudisha utotoni kwetu Geita. Baba alikuwa askari wa zimamoto na uokoaji. Mchana mmoja alirudi kutoka Rwamgasa, ambako duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limeporomoka na kufukia wachimbaji. Alikaa mlangoni na magwanda yake, udongo mwekundu umemjaa hadi masikioni, akanywa gongo kwa kikombe cha chai.

"Baba watoto, kula kwanza," mama alimsihi.

"Waliita mpaka wakanyamaza," baba akasema. "Bado nawasikia."

Mama alilowesha ncha ya khanga, akamfuta masikio polepole, kama alivyokuwa akiniogesha mimi.

"Wewe huwasikii?" baba akamuuliza.

Mama akaketi kando yake, akainamisha kichwa, akasikiliza kweli.