Kitabu Kilichokuwa na Majibu Yote

Mdogo wangu alikinunua kile kitabu stendi ya Msamvu, Morogoro, wiki chache baada ya kumzika binti yangu. Naanza na hilo kwa makusudi. Watu wa nyumbani wakisimulia habari hizi huanza na mbuzi, na ukianza na mbuzi mdogo wangu anaonekana mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba wake ndiye wa kumsimamia. Binti yangu alikata roho mgongoni kwa mjomba wake huyo, njiani kwenda zahanati, na yeye akaendelea kukimbia naye akimwimbia. Hakujua kwamba anaimbia maiti.

Baada ya hapo hakulala tena. Duka lake la mbegu na dawa za mimea, pale Mlali, likawa linashinda limefungwa. Alikonda mpaka suruali zake nikazipunguza kiunoni mara mbili kwa cherehani yangu. Halafu siku moja akaja mjini kwangu, Mwembesongo, amenyoa ndevu, macho yamechangamka, kitabu mkononi.

"Dada," akasema, "kumbe majibu yapo."

Kilikuwa kitabu cha kutetea imani ya Kikristo, kimetafsiriwa kwa Kiswahili kizuri tu. Kila sura ilianza na swali la mtu asiyeamini na kuishia na jibu. Je, Mungu yupo? Je, kaburi lilikuwa tupu kweli? Kwa nini watoto wanakufa? Dini nyingine je? Vitabu vya namna hiyo vinapendwa sana siku hizi, unavikuta hata juu ya meza za wauza vocha. Mdogo wangu alikuwa amekipigia mistari kila ukurasa. Mtu alikuwa anaanguka, kitabu kikamdaka. Nilimshukuru mwandishi kwa hilo, na namshukuru mpaka leo, pamoja na yote.

Mimi sikudakwa. Ile sura ya watoto niliisoma nimekaa kwenye cherehani, gauni la watu limelala mapajani. Mwandishi alikuwa mtu makini, hakunitukana wala hakunidharau. Alipanga hoja zake vizuri, moja juu ya nyingine, kama fundi wa matofali, na nilipofika mwisho ukuta ulikuwa umesimama wima na mimi nilikuwa nje. Nikamrudishia.

"Kimenipita," nikamwambia.

"Soma tena, dada. Hujaelewa."

We! Nilimtupia futi ya kupimia usoni. Mimi niliyemzaa yule mtoto, eti sijaelewa! Nikamwambia atoke kibandani kwangu kabla sijamchoma sindano. Akatoka anacheka, nami nikacheka, kisha nikalia mpaka mwenye gauni alipokuja.

Mtu wa tatu kukisoma alikuwa mjomba wetu, kaka wa mama, tumbo moja baba mmoja. Mama alibatizwa akiwa msichana, alipokwenda kusoma kwa masista kule milimani. Kaka yake akabaki Mwislamu kama baba yao. Hakuna aliyeona ajabu. Siku mama alipofunga ndoa kanisani, ni yeye aliyemsindikiza mpaka mlangoni, na kofia yake kichwani. Wakishtuka wote wawili walisema neno moja, la Kiluguru: "Mulungu!" Na kwa mila yetu, mkubwa wetu sisi watoto ni yeye, si mtu wa ukoo wa baba.

Mdogo wangu alimpelekea kitabu kwa mapenzi. Hilo nalo naliapia. Waliitana "mjomba" wote wawili, kama ilivyo kawaida, na walitaniana toka mmoja hajaota meno na mwingine hajaanza kuyapoteza. Mjomba alikisoma msimu mzima wa nyanya, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, amekaa juu ya kreti shambani. Kukirudisha akakifunga kwenye gazeti kama nyama ya buchani.

"Kizuri," akasema. "Habari za kaburi kazieleza vizuri sana huyu bwana. Ila sura ya dini nyingine, mjomba, anamsema mtu nisiyemjua. Anasema nasali kwa sababu hii na ile. Angekuja kuniuliza."

"Lakini hoja hujaijibu, mjomba."

"Hoja gani? Nakwambia mtu huyo si mimi!"

Ingeishia hapo ingekuwa heri. Mdogo wangu hakuiacha. Alikuwa na hofu, nadhani, kwamba jibu moja likilegea yatalegea yote, na yakilegea yote atarudi kule alikokuwa, kukimbia na maiti mgongoni. Kwa hiyo kila walipokutana ilikuwa hoja. Mjomba akija kununua dawa ya nyanya, hoja. Msibani, hoja. Mjomba naye si malaika, ana mdomo mchafu na hapendi kushindwa. Ikafika mahali mama anawasikia wanakuja njiani, anaingia ndani.

Ndipo ikaja Krismasi ya mbuzi.

Kwetu mbuzi wa Krismasi anachinjwa na mjomba. Hakuna aliyeandika hivyo mahali, ni kwa ajili ya sinia tu. Akichinja Mwislamu tunakula wote. Akichinja Mkristo, nusu ya ukoo inakula wali na kachumbari. Hata kwenye ubatizo, hata kwenye arusi za kanisani, anatafutwa Mwislamu ashike kisu, na padre anakula na kujilamba vidole. Tumezaliwa tukakuta hivyo.

Mwaka ule mdogo wangu alichinja mwenyewe, asubuhi, kabla ya misa. Mjomba alipofika na kanzu yake safi, kisu amekifunga kwenye kitambaa, alimkuta mbuzi ananing'inia kwenye mpera, ameshachunwa.

"Mulungu!" mama akasema.

Mdogo wangu akaeleza. Kwamba hii ni nyumba ya Wakristo, na sikukuu ya Kristo, na kwamba mtu anayeijua imani yake haombi ruhusa ya mwingine ili ale nyama yake. Kitabu kile nimekisoma chote, kwa hasira na bila hasira, na hakina mbuzi ndani yake. Mbuzi huyo mdogo wangu alimtoa kichwani mwake mwenyewe. Lakini alisimama pale na damu mpaka kwenye viwiko, akizungumza kwa sauti ya kitabu.

Mjomba alimsikiliza mbele ya wajukuu na wakwe. Kisha akasema, taratibu kabisa: "Kuanzia leo mimi sina mpwa. Nina muuza dawa."

Wengine walidhani ni utani, wakacheka. Mjomba akala wali na nyanya kidogo ili asimvunjie dada yake heshima, akaaga, akaondoka. Mama naye aligawa nyama yake kwa watoto wa jirani. Tangu siku hiyo mjomba akawa ananunua dawa mjini, mwendo wote ule, na duka la mpwa wake liko mita chache kutoka shambani kwake. Kha! Watu wazima!

Mama akaanza kuvimba miguu. Daktari akasema ni moyo, umechoka, na mapafu yanajaa maji. Nikafunga kibanda changu, nikahamia Mlali kumuuguza. Mchana nilimkalisha barazani, mito mgongoni, maana akilala chali alikosa pumzi. Siku moja akasema, "Nisomee hicho kilichowagombanisha."

Nikaanza sura ya kwanza, kwamba Mungu yupo. Akanisikiliza kitambo, akaniuliza, "Kwani nani kamshtaki?"

"Kamshtaki nani, mama?"

"Mungu. Naona ana wakili."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akacheka mpaka akakohoa na ikabidi nimpepee. Lakini hakunikubalia niache. Sura ya kaburi aliipenda, alinisomesha tena na tena mahali wale wanawake wanapokwenda alfajiri na manukato. "Hapo sawa," akasema. "Hapo naamini. Ila nilikuwa naamini kabla yake." Tulipofika sura ya watoto aliweka kiganja chake juu ya ukurasa. "Ruka. Hiyo tunaijua." Nikambusu mkono ule, nikaruka.

Sura ya dini nyingine aliisikiliza yote. Mwisho akasema, "Funga. Niitie wanangu wote wawili." Alimaanisha mdogo wangu na mjomba.

Hawakuja pamoja. Mdogo wangu alikuja na pikipiki yake saa za mchana, akamshika mama miguu, akamwombea kwa machozi. Mjomba alikuwa anasubiri kule shambani mpaka asikie pikipiki imeondoka, ndipo anakuja na nyanya zake kwenye kofia. Mama akawaambia kila mmoja kwa wakati wake: nataka niwaone mnakula sinia moja kabla sijafa. Mdogo wangu akasema, "Aanze yeye, mama, alinikana mbele za watu." Mjomba akasema, "Aanze yeye, dada, mimi ni mkubwa." Nilisimama jikoni nikiwasikia, nikatamani kuwapiga wote wawili kwa mwiko. Niliwalilia pia. Niliwaambia mama hana muda. Kila mmoja alinitazama kwa huruma na hakuna aliyesogea.

Mama hakuwauliza tena. Siku moja namwosha, akaniambia, "Nikifa msichinje kitu. Wasijepata cha kugombania. Mpike maharage. Na hao wawili uwakalishe pamoja, wewe mwenyewe, kwa mikono yako." Nikamwambia asiseme hivyo. Akaniambia nisimchoshe na kulia, nimsugue mgongo.

Alikufa asubuhi ya mvua, barazani, uji haujapoa.

Tukapika maharage. Masufuria makubwa, na ugali, na mchicha. Watani wetu, ambao kazi yao msibani ni kuwachekesha wafiwa hata kwa matusi, hawakuamini macho yao. Mmoja alizunguka uwanja mzima akigonga mfuniko: "Jamani, mbuzi wa marehemu wamekwenda likizo! Mama huyu bahili, amekufa ili asitulishe nyama!" Watu wakacheka, hata mimi. Kaburini padre alisoma sala zake, na mjomba, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, alitupia udongo wa kwanza. Mdogo wangu akafuata. Walisimama bega kwa bega, matope mpaka kwenye vifundo, hawakutazamana.

Tuliporudi nilifanya nilivyoagizwa. Nilimshika mjomba mkono, nikamshika mdogo wangu mkono, nikawakalisha kwenye mkeka mmoja kama watoto, nikaweka sinia katikati na mimi nikakaa. "Mama kasema," nikawaambia. Hawakubisha. Tukanawa. Mjomba akamega tonge, mdogo wangu akamega tonge. Tukala. Nilimwona mdogo wangu anasogeza maharage upande wa mjomba wake, kama alivyokuwa akifanya zamani, na roho yangu ikafunguka. Nikasema moyoni, mama, umeweza.

Mjomba alikuwa akitafuna polepole, macho yamevimba. Alikuwa amemlea dada yake yule toka wazazi wao walipokufa. Akasema, bila ubishi wowote, kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake:

"Mjomba. Wewe umesoma. Mimi na dada yangu tutaonana?"

Nilimkanyaga mdogo wangu mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote. Yeye alimtazama mjomba wake, na machozi yakaanza kumtiririka, yakadondokea ugali. Nilijua anamtafutia neno. Nilimwona anapita sura moja baada ya nyingine kichwani mwake, anatafuta mlango wa kumpitisha mzee huyu, na hauoni. Mtu aliyempenda kuliko baba yake mzazi.

"Mjomba," akasema, "nikikwambia ndiyo nitakuwa nakudanganya."

Watu wa sinia za jirani waligeuka kututazama. Mjomba alitikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa bei ya kitu asichoweza kununua. Halafu akamwekea mdogo wangu mkono begani. Hakukuwa na hasira ndani yake hata kidogo, na ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka siwezi kukaa.

"Ungenidanganya tu, mjomba," akasema. "Leo tu."

Akarudisha tonge lake kwenye sinia, akaenda kunawa.