Mkanda wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliogopa mkanda wa gari kuliko alivyoogopa ajali, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Siku alipofika kwetu Keshero, mjini Goma, akitokea Butembo, alishuka katika gari la abiria amekumbatia mkoba wake, na kabla hatujamaliza kusalimiana akasema kwamba njia nzima alikaa karibu na mlango. Nilidhani anazungumzia hewa. Mke wangu alinifafanulia baadaye, tukiwa jikoni wawili. Katika barabara za kwao, gari likisimamishwa porini na watu wenye bunduki, anayepona ni yule aliyewahi kuruka na kukimbia. Mama yake aliwahi kuruka hivyo. Mwenzake aliyekuwa amebanwa katikati ya kiti hakuruka.

Nilivyolelewa mimi, mkwe hamgusi mama wa mke wake. Tunasalimiana kwa mbali kidogo, yeye akitazama pembeni, mimi nikiinamisha kichwa. Ananiita "papa ya mutoto", nami namwita "mama". Nikiwa na neno gumu la kumwambia, nalipitisha kwa mke wangu. Kwa hiyo Jumapili ile asubuhi, tulipokuwa tunajiandaa kwenda Sake kumwona binti yake mwingine aliyekuwa amejifungua, sikumwambia mimi kwamba afunge mkanda. Nilimwambia mke wangu, tena kwa sauti ya chini.

Mke wangu ni muuguzi. Tangu aanze kazi katika chumba cha dharura ameona watoto waliorushwa nje ya magari, na hilo ndilo lililoleta kiti cha mtoto cha garini nyumbani kwetu. Majirani walikicheka. Walisema tumemtengenezea mtoto kiti cha gavana. Binti yetu, aliyekuwa na miaka miwili na nusu, alikipenda kwa sababu kilimwinua akaona nje. Mimi nilikuwa nakifunga nyuma ya kiti changu cha dereva, upande wa ukingo wa barabara, mbali na magari yanayokuja. Gari letu lina usukani wa kuume, kama mengi hapa Goma yanayotoka Asia, wakati sisi tunaendesha mkono wa kuume wa njia. Dereva haoni kilicho mbele ya lori lililomtangulia. Anayeona ni mtu aliyekaa kushoto kwake, naye ndiye humwambia pita au ngoja. Mke wangu ndiye macho yangu.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Binti yetu alivaa koti nene la sufi, na mke wangu akamvua kabla ya kumkalisha.

"Unavula mutoto na hii baridi?" mama mkwe akauliza.

"Mama, koti inadanganya. Unafikiri umefunga, kumbe umefunga koti, mutoto iko analegea ndani."

Aliipandisha mikanda ya kiti tundu moja juu, maana mabega ya mtoto yalikuwa yameipita. Akaikaza, akajaribu kuifinya kwa vidole viwili begani akaona haifinyiki, kisha akamfunika mtoto koti lake juu kama blanketi. Mimi nikaweka goti kwenye kiti na kuuvuta mkanda wake hadi kikaacha kucheza. Mama mkwe alisimama nje akitutazama kama watu wanaofunga mzigo.

"Na gari ikiwaka moto?" akasema. Hakuniambia mimi, alimwambia binti yake. "Watu bakikuja? Utamufungua saa gani huyu mutoto?"

Mke wangu akamshika mkono, akamwonyesha kile kitufe chekundu, akamfanya akibonyeze. Mikanda ikaachia. Akaifunga tena. Mama mkwe akabonyeza tena mwenyewe, kisha tena, uso umekunjamana. Binti yetu akacheka, akadhani ni mchezo.

"Koko, na weye funga!" akamwambia bibi yake.

Nadhani ni mtoto yule aliyemshinda. Mama mkwe alipanda, akakaa nyuma upande wa kushoto, akakubali mke wangu amfunge. Niliona katika kioo mkanda umepita begani na kifuani kama inavyotakiwa. Tukaondoka.

Siwezi kueleza vizuri safari ya kutoka Keshero hadi tulipopita Mugunga, kwa sababu haikuwa na kitu. Pikipiki, vumbi, akina mama waliotoka misa, watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao, wanasukuma makaa. Nyuma, mama mkwe alikuwa anamwimbia mtoto kwa Kinande. Mbele yetu kulikuwa na jeep iliyobeba watu hadi juu ya paa, nami nilitaka kuipita lakini mke wangu akasema ngoja. Kisha akasema ngoja tena, kwa sauti nyingine.

"Kamiyo," akasema. "Kamiyo haina freni! Toka! Toka mu njia!"

Sikuliona hilo lori. Niliona ile jeep ikikatia kuume, ikaparamia mawe, na penye ile nafasi iliyoacha kukawa na uso wa lori, honi imeshikiliwa, linateremka kilima limejaa kabichi. Nikakata usukani kuume. Magurudumu yakaacha lami. Huko pembeni hakuna udongo, ni mawe meusi ya volkano, na pembe ya gari ikashuka katika shimo nisilolijua. Kulikuwa na muda, mfupi sana, ambao gari lilisimama kwa ubavu wake na nikafikiri litarudi. Halikurudi. Lililala upande wangu.

Nilichosikia kwanza ni kabichi. Zilikuwa zinaanguka juu ya bati moja moja. Halafu zikaisha, na nikasikia kwamba mtoto halii.

Sijawahi kuogopa kitu kama kile kimya. Nimeishi Goma maisha yangu yote, nimesikia mabomu, nimekimbia mlima ulipowaka, lakini huko kote kulikuwa na kelele, na kelele inakuambia watu wako hai. Nililala juu ya mlango wangu, sikio liko kwenye kioo kilichovunjika, na mke wangu akining'inia juu yangu katika mkanda wake, nywele zimeanguka usoni. Tulitazamana. Hakuna aliyemwita mtoto. Nadhani kila mmoja aliogopa kumwita asiitike.

Aliyeongea ni mama mkwe.

"Papa ya mutoto," akasema. Alikuwa ananiambia mimi, moja kwa moja. "Mutoto iko chini yangu. Iko anafungua macho. Lakini mie nitamuangukia."

Nilifungua mkanda wangu. Mke wangu akakanyaga kwenye dashibodi, akafungua wake, akashukia mgongoni kwangu. Nikapenya katikati ya viti viwili kwenda nyuma, na ndipo nilipoona jinsi walivyokuwa. Binti yetu alikuwa amelala ubavu ndani ya kiti chake, kiti kizima kimeshikilia pale nilipokifunga, kichwa kiko mahali pake, macho wazi kabisa, mdomo umefungwa. Na juu yake, kwa urefu usiofika mkono mmoja, alining'inia bibi yake. Mwanamke mzito, mwenye vitenge viwili, ameshikwa na kamba moja tu ya kitambaa. Mkanda ule haukuwa begani tena. Alikuwa ameutoa njiani, akaupitisha chini ya kwapa, na sasa uzito wake wote ulikuwa juu ya mbavu zake. Mkono mmoja ameukaza kwenye kiti cha mbele.

Harufu ya petroli ikaingia.

Aliisikia kabla yangu. Niliona pua yake inafunguka, niliona anaangalia mlango uliokuwa juu yake sasa, mbinguni, na mkono wake mwingine ukaanza kutafuta kitufe. Hakuwa anafikiri, mwili wake ndio uliokuwa unajua kuruka. Vidole vilikuwa tayari juu yake.

"Mama, usifungue!" nikapiga kelele. Sikuwahi kumpigia kelele. "Mama, ukifungua unaua mutoto!"

Vidole vikasimama. Alifumba macho.

"Basi toa mutoto mbio," akasema. "Mie nitangoja."

Niliinama chini yake, kichwa changu kikigusa tumbo lake, nikabonyeza kitufe cha mtoto. Kilikuwa kigumu, au kidole changu hakikuwa na nguvu. Asubuhi alikifungua bibi yake kama mchezo, na mimi baba mtu nilikuwa siwezi. Nikabonyeza kwa vidole gumba viwili. Kikaachia. Nikatoa mkono mmoja wa mtoto katika mkanda, kisha wa pili, nikamvuta, na alipokuwa mikononi mwangu ndipo alipolia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa. Mke wangu alikuwa nyuma yangu anasema "Asante, asante," hajui anamwambia nani.

Watu walikuwa wameshafika. Walifungua mlango wa nyuma wa mizigo, nikampitisha mtoto juu ya mgongo wa kiti, mikono nisiyoijua ikampokea. Mwanaume mmoja akasema, "Tokeni mbio, mafuta inamwangika!" Mama mkwe alisikia. Jasho lake lilikuwa linadondoka shingoni kwangu.

Nikamgeukia. Hapakuwa na njia nyingine. Niliweka bega langu chini ya kifua chake, nikamzungushia mikono yote miwili kama mtu anayebeba gunia, nikamwambia anishike. Akanishika shingo. Alikuwa anapumua kwa vipande vidogo vidogo.

"Samahani, mama," nikasema.

"Nyamaza, unibebe," akajibu.

Mke wangu akafungua mkanda wa mama yake. Uzito wake ukaniingia wote, magoti yakapiga kioo, lakini sikumwangusha. Alitoa sauti moja tu, fupi. Tukamsukuma na kumvuta hadi nje, juu ya mawe, na watu wakamkokota mbali na gari.

Halikuwaka. Nililitazama kwa muda mrefu nikingoja liwake. Lori lilikuwa limesimama mbele zaidi, limeingia katika ukuta wa mawe, na dereva wake alikuja kwetu mikono kichwani, akilia, akiuliza kama kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Walioruka kutoka juu ya ile jeep waliumia miguu. Kabichi zilikuwa kila mahali, na tayari kulikuwa na wanaoziokota.

Msamaria mmoja alitupakia katika gari lake kuturudisha mjini hospitalini. Nilitafuta mkanda kwenye kiti cha nyuma, nikaingiza mkono katika kila ufa. Hapakuwa na hata mmoja. Mke wangu akampakata mtoto, nikawazungushia mikono, na njia nzima nilikuwa nimekaza misuli yangu nikijua haingesaidia kitu. Kila lori lililokuja mbele, nilifumba macho.

Mtoto alikuwa na mistari miwili myekundu mabegani, mahali mikanda ilipomshika. Hilo tu. Bibi yake alivunjika mbavu, na daktari akasema kidogo tu zingefika kwenye ini. Mke wangu akauliza kwa nini aliutoa mkanda begani.

"Ilikuwa inanikata shingo," mama mkwe akasema. "Nilifikiri ni ileile tu, juu ama chini."

Mke wangu akageukia ukuta akalia. Ameshawaeleza wagonjwa wengi jambo hilo: mkanda ukae kwenye mfupa wa bega na mifupa ya nyonga, mwili laini usiguswe. Mama yake mwenyewe hakuwa amewahi kuelezwa. Nani angemweleza, katika magari yale aliyozoea?

Alikaa kwetu hadi alipoweza kucheka bila kushika ubavu. Tangu siku ile ananiongelesha ana kwa ana, hata mambo ya chumvi na maji, na mimi bado nainamisha kichwa. Siku moja, wakati mke wangu yuko kazini, aliniambia polepole, "Mukono yangu ilikuwa inaenda yenyewe, papa ya mutoto. Ungechelewa kuongea, ningemufungukia juu." Nilimwambia hakufungua. Akasema ndiyo, lakini kila anapolala mkono wake unafungua.

Kile kiti kilionekana kizima. Jirani mmoja, kati ya wale waliokicheka, alikuja kukiomba kwa ajili ya mtoto wake. Mke wangu akakataa, akamweleza kwamba kiti kilichobeba ajali huweza kupasuka ndani mahali pasipoonekana, na hakitashika mara ya pili. Jirani aliondoka akidhani ni uchoyo. Basi mke wangu akachukua kisu cha jikoni, akakaa uani, akaikata mikanda yote vipande, ili hata mtu atakayekiokota jalalani asimkalishe mtoto humo. Mikanda ilikuwa migumu. Ilimchukua muda, na hakutaka nimsaidie.

Tulipata kingine. Gari lilipotoka kwa fundi, nililiacha limesimama uani siku nyingi, nikitembea au nikipanda pikipiki, jambo ambalo ni la hatari zaidi na nililijua. Asubuhi tulipompandisha mtoto garini tena, mke wangu alimfunga, nami nikakagua, naye akakagua nilichokagua. Kitufe kilipolia tak, binti yetu akashtuka, akanishika kola.

"Papa, gari italala tena?"

Mama yake alinitazama. Nilitaka kusema hapana. Ni neno rahisi, na mtoto alikuwa analingoja.

"Papa atatembeza polepole," nikasema.

Akafikiri, kisha akaniachia kola. Nikafunga mlango wake, nikazunguka kwenda upande wangu, nikafunga mkanda, nikaugusa begani mara mbili, ndipo nikawasha gari.